Misumeno Mikuukuu ya Zone Industrielle: Kuinunua, Kuifufua na Kukatia Kuni

Maneno ya kikundi cha kuni, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa kambi katika Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni

Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya kazi ya kikundi chetu, nasi twaishukuru. Wenzetu waliotutangulia wamesema juu ya shule na juu ya maji, na wamesema vizuri. Sisi tutasema juu ya msumeno. Tunajua wapo waliotabasamu waliposikia kwamba fedha za mchango wa block tatu zimekwenda Bujumbura kununua mashine kuukuu, na wapo ambao hawakutabasamu hata kidogo. Hao wa pili ndio tunaotaka kuwajibu hasa, kwa sababu wana haki ya kuuliza.

Ukipewa maharage, au ukipewa pesa ukayanunua mwenyewe, bado hujala. Maharage makavu yanataka moto wa saa mbili, pengine tatu. Moto unataka kuni, na kuni zinataka mtu wa kuzifuata. Mtu huyo katika kambi yetu ni mama, au binti yake. Akina mama hawahitaji kuelezwa habari ya njia ile, wala hatutaisimulia hapa mbele ya watoto. Tunasema tu kwamba kila kitu tulichofanya kilianzia kwenye njia ile.

Jambo hili si geni, wala si letu peke yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, Tanzania, wakapiga kambi Benaco. Julai mwaka ule ule wengine wengi zaidi walifika Goma, na baadhi ya kambi zao, kama Mugunga na Kibumba, zilikuwa ubavuni mwa Hifadhi ya Virunga. Zilikuwako siku ambapo watu wapatao 40,000 waliingia hifadhini kutafuta kuni. Kambi zilipovunjika mwishoni mwa 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimekatwa zote au sehemu. Karibu kazi yote ile ilifanywa kwa panga na shoka. Basi anayetuambia kwamba msumeno wa mashine ndio unaomaliza miti, tunamwomba atazame kwanza kazi ya panga. Hata hivyo hatukatai kwamba msumeno humaliza upesi zaidi. Hilo ni kweli, na tutalirudia.

Habari nyingine ni ya Kenya. Huko Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia, akina mama wengi walibakwa walipokwenda kuokota kuni. Kuanzia 1998 HCR ikawa inagawa kuni kambini ili wasitoke. Mradi ule ulipochunguzwa baada ya miaka michache, ilionekana kwamba katika majira ambayo kila nyumba ilikuwa na kuni za kutosha, visa vya kubakwa wakati wa kuokota kuni vilipungua. Lakini visa vya mahali pengine viliongezeka. Tunawaambia haya yote mawili, la kutia moyo na la kuhuzunisha, kwa kuwa hatutaki mtu aseme kwamba kikundi cha kuni kiliahidi usalama. Sisi tunaahidi kuni. Usalama ni kazi ya kambi nzima, pamoja na polisi na pamoja na sisi wanaume.

Sasa kwa nini msumeno? Wenyeji wetu hapa wana mikaratusi waliyoirithi kwa baba zao. Wengi wao ni wazee, na vijana wao wamekwenda mjini. Mti ukifika umri wa kukatwa, mzee hana nguvu za kuuangusha, na akikodi mtu mwenye mashine fedha yote inakwenda huko. Tukapatana nao hivi: sisi tunakata, wao wanachukua magogo ya nguzo na mbao, na sisi tunachukua matawi, vilele na vipande vilivyopinda. Mti mmoja mkubwa wa mkaratusi una kuni nyingi kichwani kuliko wengi wanavyodhani. Kukata kunafuata ruhusa, kama inavyotakiwa na Kanuni ya Misitu ya Burundi iliyorekebishwa mwaka 2016, na mkuu wa kilima huja kuhesabu mashina. Hatuingii msitu wa serikali, hatuingii mabonde ya maji.

Tena mkaratusi haufi ukikatwa vizuri. Ukiacha kisiki kifupi, cha kama sentimita 10 au 15, chenye uso laini ulioinama kidogo ili maji ya mvua yatiririke, huchipua upya, na baada ya miaka kama 6 hadi 8 unavunwa tena. Panga huacha kisiki kilichopasuka na ganda lililobanduka, maji yanaingia, kinaoza. Kwa hiyo msumeno mkali katika mkono wa mtu mwenye adabu unaulinda mti kuliko panga. Katika mkono wa mtu asiye na adabu, mambo ni mengine.

Basi tulipata karatasi za ruhusa ya kutoka kambini, watu watatu, tukashuka Bujumbura. Msumeno mpya wa dukani hatukuuweza. Faranga za mchango zilitosha kununua mikuukuu miwili na vipuri, na bei hatuziandiki katika jarida hili kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla wino haujakauka.

Anayetafuta mashine kuukuu Bujumbura huenda Zone Industrielle. Ni mtaa wa maghala na viwanda, hauko mbali na bandari ya ziwa. Kiwanda cha bia cha Brarudi kiko upande ule, na magari makubwa ya mizigo hayaishi kupita. Kampuni ikimaliza kazi ya barabara, au mfanyabiashara wa mbao akifunga ghala, vyombo vyake huishia huko: jenereta, pampu, mashine za kuchomelea, na misumeno ya mnyororo. Wauzaji wengine wana ghala lenye mlango na mlinzi. Wengine ni makomisiyoneri tu, wanasimama chini ya mwembe na simu mkononi, na mashine anayokuuzia iko kwa mtu mwingine ambaye hutamwona. Tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara nyingi zilitawanyika mitaani, na mgeni hapati kirahisi mahali pamoja pa kulinganisha bei. Inabidi kutembea. Tulitembea siku mbili.

Msumeno huu wengine wetu twauita chenso, wenzetu waliosoma Kifaransa huuita tronçonneuse. Ni kitu cha Wajerumani zaidi: Andreas Stihl alitengeneza wa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929, nayo ilikuwa mizito ikibebwa na watu wawili. Leo katika maghala ya Zone Industrielle utaona aina nyingi, lakini inayopendwa na wapasua mbao wa Kongo ni ile kubwa ya Stihl iitwayo 070. Ina nguvu sana, na ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujaifunga bamba na mnyororo. Inafaa kupasulia gogo kubwa la msituni. Kwa matawi ya mkaratusi ni kama kumpeleka ng'ombe kuchunga kuku. Komisiyoneri wa kwanza alitusukuma tuichukue hiyo, akisema mkimbizi anahitaji kitu cha nguvu. Sisi tukaona mkimbizi anahitaji kitu ambacho mtu aliyekula mara moja kwa siku anaweza kukiinua kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Tukatafuta ya ukubwa wa katikati, yenye breki ya mnyororo mbele ya mkono. Mingi ya zamani haina breki hiyo, na sisi msumeno usio na breki hatuununui hata tukipewa kwa nusu bei.

Tena kuna ya kuiga. Rangi ni ile ile na jina ni lile lile, lakini chuma ni laini kama bati. Tazameni namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine. Kama imefutwa kwa tupa, au haipo kabisa, ondokeni.

Vijana wameomba tueleze tulivyozikagua, ili siku nyingine waende wao. Shikeni mwili wa mashine kabla haijawashwa. Ukiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, kwa kuwa mashine iliyochoka huwaka vizuri ikiwa moto na hukataa ikiwa baridi. Mwambieni mtakunywa chai kwanza, mtarudi ikipoa. Mmoja alikasirika tulipomwambia hivyo, na hasira yake ilitupa jibu.

Ikipoa, zimeni swichi, inueni mashine kwa kishikio cha kamba ya kuwashia na kuiacha ining'inie. Ikishuka polepole kwa kukwamakwama, pistoni na pete zake bado zinabana hewa. Ikianguka moja kwa moja kama ndoo kisimani, silinda imekwisha. Hili halihitaji chombo chochote wala fundi, na tunawashangaa wanaonunua bila kulifanya.

Kisha ombeni bisibisi. Fungueni ekzozi, ni skrubu mbili au tatu tu, na mchungulie tundu lake huku mkivuta kamba taratibu. Pistoni nzuri inang'aa, ina michirizi ya mashine iliyolala kiubavu. Mkiona mikwaruzo ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, mashine hiyo iliwahi kuendeshwa kwa petroli tupu bila oili, au hewa iliingia mahali pasipostahili ikaunguza. Katika misumeno saba tuliyoifungua Zone Industrielle, minne ilikuwa na mikwaruzo hiyo, na yote minne ilikuwa imepakwa rangi mpya. Muuzaji akikataa kufungua ekzozi, hakuna haja ya kumshawishi.

Ikiwaka, iacheni ingurume polepole kisha mwiinamishe kushoto, kulia, na pua chini. Mlio ukipanda na kushuka kila mnapoinamisha, kuna hewa inaingia, mara nyingi kwenye mipira ya kuzuia iliyo pande mbili za kreni. Mnyororo usizunguke mashine ikiwa imetulia. Halafu angalieni bamba: kingo zake mbili ziwe sawa, mfereji usiwe umepanuka. Na gurudumu la meno linalovuta mnyororo, likiwa na makovu ya kina cha nusu milimita, litakula mnyororo mpya wote. Hesabuni bei ya gurudumu jipya kabla hamjakubali bei ya mashine.

Tulichukua miwili kati ya mitatu iliyobaki. Mmoja ulikuwa mzima ila umechakaa, mwingine haukuwaka kabisa lakini ulishuka polepole kwenye kamba na pistoni yake iling'aa. Huo wa pili tuliupata kwa bei ya chuma chakavu, na kwa maoni yetu ndio uliokuwa ununuzi bora wa siku zile mbili. Mashine isiyowaka lakini ina silinda nzima karibu kila mara inaumwa kabureta, mpira wa petroli, au buji.

Tuliipeleka Buyenzi, ambako mafundi ni wengi na Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa. Fundi mmoja mzee alikubali tukae naye, tufanye kwa mikono yetu yeye akitazama, tumlipe kwa kutufundisha. Tulibadilisha buji na kuacha mwanya wa nusu milimita. Mpira wa petroli ndani ya tangi ulikuwa umepasuka kama udongo wa kiangazi. Ndani ya kabureta mna utando mwembamba wa mpira unaovuta petroli. Ukikaa miaka na petroli ndani hukauka ukawa mgumu kama karatasi, nao ni kipuri cha bei ndogo. Tuliubadilisha, tukasafisha vitundu kwa petroli na pumzi, tukaosha kichujio cha hewa kwa sabuni. Mara ya nne ya kuvuta kamba, ikawaka. Watoto wa mtaa walishangilia kama tumefunga goli.

Mashine hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa oili nzuri ya 2T, lita moja ya petroli inataka mililita 20. Kwa oili ambayo hamna hakika nayo, tieni mililita 40. Moshi utazidi kidogo lakini pistoni itapona. Tunasema hivi kwa sababu miaka hii ya karibuni petroli imekuwa ya shida Burundi, watu wamelala kwenye foleni za magari, na inayouzwa kwa chupa vichochoroni hujui imechanganywa na nini. Itieni kwenye chupa nyeupe, iacheni itulie. Kama ina maji yatashuka chini mtayaona. Na msiihifadhi ndani ya nyumba za maturubai. Moto wa kambi hauulizi.

Mnyororo nao unataka oili yake, ili usikaukie kwenye bamba. Oili chafu ya gari inatumika na wengi, lakini ina unga wa chuma, inakula pampu, na inamwagika kwenye udongo ambamo mwenyeji wetu atapanda mihogo. Fundi wa Buyenzi alitushauri mafuta ya kula. Mawese ya Rumonge yanafaa kule ziwani kwenye joto. Huku juu asubuhi huganda, inabidi kuyapasha kwanza, na tayari kuna mama aliyetuuliza kwa nini tunampa mashine mboga yake. Hatukuwa na jibu zuri. Kwa sasa tunatumia mafuta yaliyokwisha kukaangia mandazi, yaliyochujwa kwa kitambaa.

Kunoa ndiko kunakotenganisha mkata kuni na mharibifu. Kila mnyororo una tupa ya duara ya kipimo chake. Ya mnyororo wetu ni milimita 5.2. Vuteni kuelekea mbele tu, jino baada ya jino, pembe ile ile, idadi ile ile ya mikwaruzo, mpaka meno yote yawe na urefu mmoja. Kile kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Mkikishusha mno kwa tamaa ya kukata haraka, msumeno utaruka. Tazameni kinachotoka: mnyororo mkali hutoa vipande vya mti, mnyororo butu hutoa unga. Ukiona unga, simama unoe.

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi kulirudia. Kijana wa kilima jirani, si wa kambi, alikata kwa ncha ya bamba, yaani robo ile ya juu puani. Ncha ikigusa mti, mashine hurudi usoni kabla jicho halijapepesa. Ilimpata begani. Yu hai, lakini mkono wake hauinuki kupita kifua. Kwa hiyo Kamati ilipotuuliza kama vijana wote wa block wanaweza kukopeshwa mashine kwa zamu ili wajipatie vibarua, tulisema hapana, na bado tunasema hapana. Kuna vijana waliotununia. Tunawaelewa, kijana asiye na kazi akiona mashine imelala kwenye stoo anaona faranga zimelala. Lakini mguu wa kijana haununuliwi Zone Industrielle. Tena mashine ikitoka kwa kibarua, itafuata mlipaji, na mlipaji siku moja atataka mti ulio msituni, usiku. Hapo mapatano yetu na wenyeji yatakuwa yamekwisha, na mama atarudi kwenye njia ile.

Wanaoshika mashine ni wanne, wamefundishwa, na majina yao yako kwa Mwenyekiti. Hakuna anayekata peke yake, wala baada ya pombe, wala juu ya usawa wa bega. Mti ukiangushwa, kila mtu akae mbali kwa urefu wa miti miwili. Viatu ni buti, na usoni ni wavu. Suruali maalumu za kukinga miguu hatujazipata. Kama mgeni wetu yeyote wa shirika anajua pa kuzipata, tungefurahi kuliko kupewa fulana.

Kuni zikifika kambini hupasuliwa na kuanikwa kabla ya kugawiwa. Mkaratusi mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mama anayepika kwa kuni mbichi anatumia moto mwingi kuyachemsha hayo maji kabla ya maharage, huku moshi ukimjaa mtoto kifuani. Mwezi wa kwanza tulilaumiwa kwamba tunaficha kuni. Tulikuwa tunazikausha. Wazee wasio na mtu wa kuwachotea, wagonjwa, na nyumba zinazoongozwa na mama peke yake ndio wanaoanza kupewa. Orodha imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya Kamati, na yeyote aweza kuipinga mbele ya mkutano.

Hatujatosheleza kambi. Kuni zetu hufika kwa sehemu tu ya nyumba, na akina mama wengine bado wanatoka alfajiri. Ndiyo maana tunaomba mchango wa pili, kwa ajili ya mnyororo wa akiba, gurudumu la meno na utando wa kabureta, si kwa ajili ya mashine ya tatu. Hesabu ya mchango wa kwanza, pamoja na risiti za Bujumbura, iko mezani kwa mhasibu tangu leo hadi Ijumaa. Jumamosi saa tatu asubuhi tutafungua ule msumeno wa pili mbele ya shule, tuunoe, tuuwashe. Akina mama wanaotaka kujifunza kunoa wanakaribishwa, wawili wameshajiandikisha. Watoto wabaki nyumbani.